Chaki ya Wifi

Wifi yangu hana dogo. Ukidondosha sindano, umedharau kazi ya marehemu baba yake. Ukichelewa kufungua dirisha, unataka wateja wafe kwa joto. Kwa hiyo siku aliyoikuta kalamu ya nta juu ya blanketi la kupigia pasi, nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba jambo hilo halitaishia pale.

Ilikuwa kalamu moja tu, nyekundu, nene kama kidole gumba changu. Aliishika kwa ncha za vidole, mkono ukiwa mbali na mwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.

"Hii ni nini?"

"Kalamu ya Nukta, wifi."

"Kwamba ni kalamu naona. Nauliza inafanya nini kwenye meza ya pasi."

Nukta ni binti yangu. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa mdogo mno, baba yake akasema huyu si mtoto, huyu ni nukta. Muda huo alikuwa amekaa chini ya cherehani yangu, akinihesabia vidole vya miguu kwa hesabu zake mwenyewe. Aliposikia jina lake alitoa kichwa, akaiona kalamu yake, akanyoosha mkono.

"Yangu."

"Ya kwako ndiyo ingeniharibia shati la mtu," wifi akamwambia. Mtoto mdogo vile, anaongea naye kama na karani wa serikali. "Nta ikipigwa pasi inaingia ndani ya kitambaa, haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Mama yako anajua. Mama yako ni fundi."

Maneno yale nilirushiwa mimi, na niliyapokea. Ukweli ni kwamba hakuna shati lililoharibika. Kalamu ilikuwa haijagusa hata ukingo wa kitambaa. Lakini wifi alikuwa na sheria yake, aliyoitangaza siku Nukta alipoanza kutembea: siku mtoto atakapoharibu kitambaa cha mteja, atapelekwa kwa bibi yake akalelewe huko. Bibi yake ndiye mama mkwe wangu, anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mume wangu anaendesha lori na nyumbani anapita kama mgeni, na kila nilipomweleza kwa simu alinijibu neno moja: "Elewaneni." Nyumba ni ya wifi, chumba cha ushonaji ni cha wifi, alirithi kwa baba yake pamoja na meza na mkasi. Yeye anakata, mimi nashona. Wateja wenyewe humwita Mkasi, na yeye hulipokea jina hilo kama cheo.

Mama mkwe si mtu mbaya. Sikuwa namwogopa yeye. Nilichokiogopa nilikuwa nimekiona kwa macho yangu: wana wawili wa wifi walilelewa kule, wakakua kule, na wakija kutusalimia husimama mlangoni na mabegi mkononi mpaka waambiwe wakae. Bibi yao ndiye wanayemwita mama. Huyu aliyewazaa humwita mama wa mjini. Wifi husema wamekuwa watu, na ni kweli wamekuwa watu, wana adabu kuliko wageni wote tunaowapokea. Mimi nilikuwa radhi nishone mpaka macho yapofuke kuliko binti yangu asimame mlangoni namna ile akisubiri nimkaribishe kiti.

Zile kalamu sikuzinunua kwa kumdekeza mtoto. Nukta alikuwa ameanza kuchora kwa chochote. Alichora kwa sabuni kwenye mlango wa bafu. Alichora kwa chai iliyomwagika mezani, akiivuta kwa kidole huku na huku. Siku moja nilimkuta na msumari, anachora mguu wa cherehani, na hapo nikasema huyu atachora tu, nitake nisitake, kilichobaki ni mimi kuchagua achore kwa nini na juu ya nini.

Nikaenda duka la vifaa vya shule. Muuzaji alinitolea kwanza boksi la penseli za rangi, nyembamba, zimechongwa zikawa kama sindano.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miwili na nusu."

"Hizi ndizo nzuri. Wote wanachukua hizi."

"Wote wana macho mangapi baada ya hapo?"

Hakupenda. Akaleta kalamu za wino za rangi. Nikavua kifuniko kimoja nikakipima na mdomo wangu mwenyewe mbele yake. Kiliingia chote na nafasi ikabaki. Mtoto wa umri ule chochote akipewa hukipeleka mdomoni kwanza, ndipo akiulize kazi yake. Akaleta rangi ya kopo, nikaifungua, harufu ikanipanda kichwani kama ya mafuta ya taa. Mwisho akachoka nami, akanielekeza kwa kidevu rafu ya chini kabisa, "basi chagua mwenyewe, mama." Kule, chini ya vumbi, ndiko zilikokuwa kalamu za nta nene, fupi, za kushikwa kwa ngumi nzima, na kwenye boksi imeandikwa kwamba hata mtoto akiuma hazimdhuru. Nilizinunua.

Wifi hatoi karatasi. Ana roli kubwa la karatasi ya kaki ukutani, ya kukatia vipimo, na hata mimi nikitaka kipande huomba kama naomba damu. Kwa hiyo nilifungua maboksi matupu ya vitambaa, nikayabandika sakafuni kwa selotepu ili yasimkimbie, nikamwachia Nukta uwanja.

Kitu cha kwanza alichofanya na kalamu ni kuiuma. Akaitazama. Kisha akaanza kupiga, tu-tu-tu-tu, nukta juu ya nukta, kwa ngumi, kama anayegonga mlango wa mtu anayemdai. Siku nyingine akagundua kwamba kalamu ikiburutwa inaacha njia nyuma yake, akageuka kunitazama kwa mshangao, akaiburuta tena kuhakikisha. Lakini kila alipomaliza mstari alirudi kwenye kugonga: tu-tu-tu mwishoni, ndipo anaridhika. Niliwahi kujitia ualimu nikamchorea paka. Alifurahi, ndiyo, ila kuanzia hapo aliacha kuchora kabisa, kila nikimpa kalamu ananirudishia: "Wewe. Paka." Ilichukua muda mrefu mpaka asahau paka yule. Nikajifunza kufunga mdomo, nisimshike mkono, nisimuulize hiki ni nini. Hata mtu mzima ukimuuliza kila dakika anafanya nini naye ataacha.

Sasa, siku hiyo ya meza ya pasi, zote, boksi zima, wifi alizipandisha juu ya kabati ambako hata mimi sifiki bila kiti.

"Wifi, atalia."

"Alie. Chumba hiki baba yangu alikiendesha miaka yote bila picha za watoto." Kisha, labda kwa sababu Nukta tayari alikuwa ameanza kukunja mdomo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa kipande cha chaki ya fundi, ya buluu, kimechakaa pembe. "Achore kwa hiki. Sakafuni. Kinafutika."

"Hiyo ya buluu ndiyo unayokatia. Mpe basi hata ya rangi nyingine."

"Chaki ni chaki."

"Na akiila?"

"Mimi nilikula nikiwa mdogo. Nimekuwaje?"

Nilikuwa na jibu zuri sana la swali hilo, nikalimeza. Ninyi mnaoishi kwenye nyumba ya mtu mnajua ladha yake.

Siku zilizofuata Nukta alihama kutoka chini ya cherehani yangu. Wifi vitambaa vikubwa hukatia sakafuni, amepiga goti moja, jingine kalisimamisha, na anapochora mstari hatumii kiganja, anatumia bega: anavuta mara moja kutoka huku mpaka kule, hainui, harudii, na ncha ya ulimi inachungulia pembeni mwa mdomo. Lazima niseme ukweli, ana mkono. Nukta alikaa pembeni mwa kitambaa akimtazama kama mtu anayetazama sinema. Halafu naye anapiga goti moja, anatoa ulimi, anavuta. Wifi hamwangalii. Akikaribia sana humsogeza kwa kiwiko, kama unavyosogeza kiti.

"Angazi," mtoto anamwita, maana shangazi ilimshinda. "Angazi, ona."

"Nimeona," anasema, bila kuona.

Nilikuwa na wivu, nisijitie utakatifu. Mtoto niliyemtafutia kalamu rafu kwa rafu anamlamba miguu aliyemnyang'anya.

Kisha likaja gauni la Mkunga. Mkunga ni mama wa makamo aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, na wodi yake ilikuwa inamwandalia sherehe ya kumuaga kazini. Alileta kitambaa kizito, rangi ya maziwa, kizuri mpaka nilinawa mikono kabla ya kukigusa. Alitaka gauni refu la heshima, pindo mpaka kwenye kisigino, lisilo na mbwembwe. "Miguu yangu wagonjwa wameiona, inatosha," alisema. Angekuja mchana kujaribu vipande kabla ya kushonwa.

Asubuhi wifi alimaliza kukata mgongo. Akakunja kitambaa cha mbele katikati, akakilaza sakafuni, akapiga goti, akachora kiuno, akachora ubavu. Pindo lilikuwa bado. Hapo mlangoni akaita kijana wa benki anayefuata suruali yake.

Suruali haikuwa tayari. Nilikuwa nimemwambia wifi tangu jana kwamba zipu niliyopewa ni fupi, akasema atanunua nyingine, hakununua. Sasa mbele ya mteja akageuka na kunitolea macho.

"Ulisema imeisha."

"Nilisema imeisha isipokuwa zipu."

"Hukusema zipu."

"Nilisema, wifi. Ulikuwa unakunywa chai."

Akamwomba radhi kijana kwa sauti ya asali, akafunga mlango, akarudi kwangu na sauti yake ya kila siku. Na alivyorudi hivyo, hakunyamaza. Alipiga goti akiongea, akashika mkasi akiongea. Kwamba mdogo wake alioa kwa haraka. Kwamba tangu nilipoingia chumba hiki wateja wanasubiri. Kwamba yeye amezoea kufanya kazi na watu wanaosikia. Mkasi ukaingia kwenye kitambaa, krr, krr, ukafuata kiuno, ukashuka ubavu.

Marehemu baba yao aliwafundisha kazi kwa sheria moja: anayekata habishani na chaki. Palipochorwa umeshafikiri, sasa kata. Wifi anakata hivyo, kwa kasi, macho yako kwenye mstari na mawazo yako kwingine, na kwa miaka yote sijamwona akikosea, kwa sababu chaki siku zote ilikuwa yake.

Niliinua macho kutoka kwenye sindano nimjibu lile la mdogo wake kuoa kwa haraka. Ndipo nikamwona Nukta. Alikuwa amekaa upande wa pili wa kitambaa, goti moja limesimama, ulimi nje, kidole cha buluu mpaka kwenye kifundo. Na pindo, ambalo wifi alikuwa hajalichora, lilikuwa limechorwa.

"Wifi," nikasema.

"Usinikatize ninapoongea."

"Wifi, ngoja, hilo..."

"Nimalize kwanza. Ndiyo tabia yako, huwezi kumwacha mtu amalize."

Basi nikamwacha amalize. Ningefanya nini, ningemkamata mkono wenye mkasi? Ulifika pindoni, ukapinda na mstari, ukapanda nao vizuri kabisa, bila kusita, mpaka kwenye mkunjo wa katikati. Kisha akashika kile kipande kilichobaki akakirusha pembeni, akakunjua gauni, akanyamaza katikati ya neno.

Pindo lilianzia kwenye kisigino ubavuni, likapanda kwa upinde mmoja mrefu, likakutana katikati juu ya magoti. Mbele ya gauni la Mkunga ilikuwa wazi kama pazia lililofunguliwa ili watu waone jukwaa.

Wifi aliangalia. Akaangalia tena. Akakivuta kile kipande alichokirusha, akakigeuza. Mwisho wa mstari, pale kwenye mkunjo, palikuwa na kundi la nukta za buluu, zimegongwa kwa ngumi, tu-tu-tu-tu.

"Nukta kachora," akasema Nukta kwa furaha. "Angazi, ona."

Safari hii aliona.

Kilichofuata sikukipenda hata kidogo. Wifi aliinuka polepole, akapangusa goti, akaongea kavu kavu bila kunitazama. "Mpigie simu mdogo wangu. Mwambie mtoto anasafiri Jumamosi. Nilishasema na sirudii."

Damu ilinipanda. Niliacha cherehani nikasimama, na nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya wifi yangu namna ile. "Mtoto hasafiri popote. Kachora kwa chaki, nani kampa?"

"Nilimwambia sakafuni."

"Ana miaka miwili, wifi. Kitambaa kiko sakafuni. Anajuaje sakafu yako inaishia wapi? Nilimletea kalamu zake na maboksi yake, nikambandikia uwanja wake, ukavipandisha kabatini. Nikakuomba mpe rangi nyingine, ukasema chaki ni chaki. Na chaki haikukata kitu. Mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Usinipandishie sauti kwenye nyumba ya baba yangu."

"Mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?"

Nukta alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Akaona hakuna wa kumpigia makofi, akaweka chaki mdomoni.

Wifi angenijibu, na mimi ningemjibu, na nadhani siku ile tungefika mahali ambapo watu wa nyumba moja hawarudi. Lakini mlango ulisukumwa akaingia Mkunga, kijasho kinamtoka, mkoba kwapani, ana haraka ya kurudi zamu. Alisalimia, hakuitikiwa vizuri. Akaona gauni sakafuni. Akainama, akalishika kwa ncha ya juu, akaliinua mpaka usawa wa kifua, akalisogeza mwilini. Magoti yake yalitokeza pale katikati, yametulia.

"Hii ni nini?"

Aligeukia wifi, kisha mimi.

"Nimesema mpaka kisigino. Nani kachora hii?"

Nilimwangalia wifi. Jibu lilikuwa mdomoni mwake na nililiona linavyogeuka. Akisema mtoto, basi limekwisha: kitambaa cha mteja kimeharibiwa na mtoto, sheria imetimia, Jumamosi binti yangu anapanda basi. Nilishika ukingo wa meza. Lakini hakuna namna ya kusema mtoto bila kusema lililobaki, kwamba Mkasi, binti wa baba yake, alikata gauni zima kwa mstari wa mtoto anayevaa nepi usiku asijue kwamba mstari si wake.

"Mwambie, wifi," nikasema. Sikusema kwa upole. "Mwambie aliyechora."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona tena. Kisha akamtazama Nukta, mdomo wa buluu, kidevu cha buluu. Akakitazama kile kipande mkononi.

"Mimi," akasema. "Nimechora mimi na nimekata mimi."

Mkunga alishusha gauni. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Umezeeka, Mkasi," akasema, kama anavyomwambia mgonjwa ukweli. "Nilijua siku hiyo itakuja, ila nilidhani gauni langu utalimaliza salama."

Wifi alichukua tepu ya kupimia shingoni akampima Mkunga kuanzia kiunoni, akamwonyesha tutakavyoingiza kipande cha kitambaa kingine pale katikati, cha rangi nzito kidogo, kishuke mpaka kisigino, na kola tuitie rangi hiyohiyo. Mkunga alikubali shingo upande, akasema sherehe ni Jumapili na hana pengine pa kwenda, akaondoka bila kuaga vizuri.

Tulibaki na mlio wa pasi inayopoa.

"Jumamosi mtoto anasafiri?" nikauliza.

"Kwa kosa gani?" Alikuwa amenipa mgongo. "Mstari ni wangu, hukusikia? Mtoto kafanya nini?"

Nilikaa. Kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu Nukta alipoanza kutembea kilikuwa kimeondoka, kimeondolewa na mtu ambaye hakutaka kukiondoa, na sikumshukuru wala yeye hakungoja shukrani.

Kile kipande kilichokatwa kwa kawaida kingeingia kwenye gunia la vitambaa vya kujazia mito. Wifi alikaa nacho. Alikilaza mezani akapitisha kidole juu ya mstari wa buluu, kuanzia ubavuni, akapanda nao taratibu.

"Hakuinua mkono," akasema, si kwangu. "Toka hapa mpaka hapa hakuinua mkono." Kidole kilifika kwenye zile nukta kikasimama. "Wanangu sijui kama waliwahi kushika chaki. Sikuwepo kuona."

Nilimwonea huruma. Haikudumu, maana mara hiyohiyo aligeuka akaniuliza ile zipu nitaifuata saa ngapi.

Kesho yake nilipotoka jikoni na vikombe nilikuta roli la karatasi ya kaki limeshushwa ukutani. Wifi, mkono wa birika yule, alikuwa amekata kipande kirefu kuliko kitanda cha Nukta, amekibandika sakafuni upande wake wa chumba, mbali na vitambaa, selotepu imenyooka kila pembe kama pindo. Kiti kimeletwa kabatini. Boksi la kalamu za nta lilikuwa chini, limefunguliwa.

"Zisivuke selotepu," akaniambia mimi, siyo mtoto. "Na zisiguse meza ya pasi."

"Nilizinunua mimi hizo," nikasema. Hata sijui kwa nini nilisema.

"Najua."

Nukta alikuja mbio na kalamu nyekundu kwenye ngumi. "Mama, angazi kanipa."

"Mama ndiye kanunua."

"Angazi kanipa," akanirekebisha, akarudi.

Nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kuingiza kipande cha rangi nzito kwenye gauni la Mkunga. Nilishona na kusikiliza. Wifi alikuwa amepiga goti pembeni mwa karatasi, anachora na kukata kola upande wake, ameacha kipande kingine chote kwa mtoto. Nilingoja amshike mkono. Nilingoja amchoree kitu, nimwambie hivyo sivyo, nimweleze habari za paka. Hakumshika. Hakumuuliza anachora nini. Alimwambia tu, mara moja, "bega," akajigusa bega lake, na Nukta akagusa la kwake, akatoa ulimi, akavuta.

Mstari ulikwenda, ukapinda, ukaendelea kupinda. Niliacha kukanyaga. Ulizunguka mpaka ukarudi ulikoanzia, ukaugusa mwanzo wake, na Nukta akainua kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kufunga duara. Hakugonga nukta mwishoni. Aliliangalia, akavuta pumzi.

Alichana karatasi vibaya, selotepu na vyote, akasimama na duara lake limeshikwa kwa mikono miwili, linaburuta sakafuni. Nikageuza kiti. Nikafungua mikono.

Alipita mbele ya cherehani yangu, akaenda moja kwa moja.

"Angazi, ona."

Wifi aliweka mkasi chini. Akaipokea karatasi, akaishika mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda mrefu kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Nimeona," akasema.

Nikageuka. Nikashika gurudumu, nikakanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, cherehani ikanguruma, mshono ukakimbia wenyewe juu ya kitambaa cha Mkunga, na sikuwa naona ninachoshona. Nyuma yangu wifi akasema:

"Wifi, uzi wako umekatika."